Kufuli ya Titus Makhanu: Maisha ya Mzee Barnaba Osundwa, 1958–2025

Mzee Barnaba Osundwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Ebubala, Matungu. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Osundwa na marehemu Mama Selina. Siku hizo miwa katika boma lao ilikuwa mashina machache nyuma ya nyumba, ya watoto kutafuna. Alipokuwa kijana, kiwanda kilijengwa, na mahindi yakang'olewa hadi karibu na mlango wa jikoni ili miwa ipate nafasi. Baba alikuwa akisema kwamba aliacha kuona nyumba ya jirani mwaka mmoja kabla ya kubatizwa, na hakuiona tena mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Sekondari aliifikia na kuiacha kidato cha pili, kwa sababu zile zile zilizowatoa wenzake shuleni. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha ufundi cha Sigalagala kusomea mitambo, akatoka Desemba 1979 akiwa na cheti na ovaroli moja. Tarehe 5 Februari 1980 aliajiriwa na kampuni ya sukari. Jina la kampuni hiyo familia imeamua lisitajwe hapa. Nyumbani tuliiita Kampuni tu.

Sisi watoto wake tulikulia katika nyumba za Kampuni, kwa hivyo tunaweza kusema kazi hiyo ilikuwaje. King'ora kililia mara tatu kwa siku, na mji mzima ulikula, ukaoga na kulala kwa king'ora hicho. Kampuni ilimuuliza mtu jina siku ya kwanza peke yake. Baada ya hapo alikuwa namba. Baba alikuwa 1147. Ndani ya kiwanda joto lilikuwa la kumfanya mtu akamue shati lake, na vumbi la makapi ya miwa lilielea hewani toka asubuhi hadi jioni, likiingia puani, kwenye chai, na kwenye nywele za mama aliyefua hizo nguo. Mitambo ilikuwa na kelele kiasi kwamba baba aliporudi nyumbani alituomba chumvi kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Wageni walidhani tunagombezwa kila siku. Kumbe mzee alikuwa anasalimia.

Hiyo sauti ndiyo iliyomletea mke. Mwaka 1983 alikwenda soko la Lubao kununua ndama, akamwona binti mmoja kutoka Sabatia akiuza ndizi. Aliinama kumnong'oneza, amwulize jina lake, na upande wote wa ng'ombe ukasikia. Wachuuzi waliitikia kwa pamoja, "Mwambie, dada." Binti huyo, Ruth Musimbi, alimwambia ili anyamaze. Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1984. Ndama hakununuliwa.

Sasa tunafika mahali ambapo baba mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Katika idara ya kukamua miwa palikuwa na kawaida moja iliyoheshimiwa kuliko sala ya asubuhi. Kila fundi alikuwa na kufuli yake nyekundu yenye namba yake. Kabla ya kuingia ndani ya mtambo, alizima swichi kubwa ukutani, akaifunga kwa kufuli yake, akaweka ufunguo mfukoni. Wakiingia watu watano, zilining'inia kufuli tano. Mtambo haukuwaka mpaka kila mtu atoke na kutoa yake kwa mkono wake. Kufuli ya mtu haikuguswa na mtu mwingine. Ikiwa mtu amesahau na kwenda nyumbani, alifuatwa huko huko, hata kama anaoga.

Titus Makhanu, namba 1152, alitoka Lugari. Yeye na baba walifanya kazi bega kwa bega miaka kumi na mmoja, na nyumba zetu zilitazamana. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli ya buluu aliyoipenda hadi tukamtania kwamba ni mke wa pili. Kwenye kufuli yake, juu ya ile namba, alikuwa amekwaruza jina lake kwa msumari, maana alisema namba si jina.

Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, miwa ilikwama kwenye visu vya kukatia. Watu waliingia kuitoa, wakamaliza, wakatoka. Zamu ilikuwa inabadilishwa saa tisa mchana. Kwenye swichi ikabaki kufuli moja, ya Makhanu. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, na miwa ilikuwa inakauka juani. Msimamizi wa zamu alimwambia baba, ambaye alikuwa msaidizi wake, "Barnaba, enda uangalie baiskeli yake. Kama haiko, huyo ameenda kula. Kata tuendelee."

Baba alikwenda kwenye banda la baiskeli. Ya buluu haikuwepo. Hakuna aliyewahi kumwona Makhanu akienda nyumbani kwa miguu, wala baiskeli yake ikienda bila yeye, kwa hivyo alirudi akiwa na uhakika. Alichukua msumeno wa chuma akaikata ile kufuli. Ilichukua dakika nne. Alituambia kwamba kwa dakika hizo nne mitambo ya upande ule ilikuwa kimya, mtu angeweza kusikia akiitwa, na yeye hakuita jina la Makhanu hata mara moja.

Makhanu alikuwa amerudi ndani kuchukua spana yake, na mtambo ulipowashwa alikuwa humo. Baiskeli ilikuwa nje ya geti, kwa fundi, ikizibwa pancha.

Kesho yake baba aliitwa ofisini. Palikuwa na karatasi iliyokwisha pigwa chapa, inayosema kwamba marehemu aliingia kwenye mtambo bila kufunga swichi, na kwamba hakuna kufuli iliyoonekana. Baba hakutishwa wala hakushikwa mkono. Aliangaliwa tu. Alifikiria nyumba ya Kampuni na watoto watatu shuleni, akatia sahihi. Ile kufuli iliyokatwa aliambiwa aitupe kwenye tanuru. Aliitia mfukoni, na jioni hiyo akaiweka ndani ya mkebe wa misumari chini ya kitanda.

Mke wa Makhanu, Mama Pascalia, alihamishwa kutoka nyumba yake kabla ya Krismasi. Alirudi Lugari na watoto wawili na jina la mke wa mzembe. Kwenye mikutano ya Kampuni ya kufundisha watu usalama, Makhanu alitajwa miaka mingi kama mfano wa fundi aliyejiua mwenyewe. Baba alikuwa akikaa katika mikutano hiyo. Mwaka 2003 Kampuni ilimpa cheti cha usalama kazini. Alikitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ambapo hakuna mgeni angekiona.

Mtoto wake wa mwisho alizaliwa tarehe 3 Juni 1999, akalia siku tatu bila kunyamaza. Kama ilivyo kwetu, nyanya alimbeba na kumtajia majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, ili mwenye kumtaka mtoto ajulikane. Mtoto alizidi kulia. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa ile sauti yake, "Mwite Makhanu." Mtoto akanyamaza. Nyanya aliuliza, "Huyo ni wa wapi? Kwetu hatunanga Makhanu." Baba akajibu, "Alikuwa mtu wangu wa kazi." Ndiyo maana ndugu yetu anaitwa Tevin Makhanu katika boma la Osundwa, na tangu leo asiulizwe tena.

Baba alistaafu mwaka 2013, mitambo ilipokuwa ikilala zaidi ya kukesha. King'ora kilipokoma kabisa aliendelea kuamka kwa saa yake. Kikohozi kilimwanza mwaka 2019. Madaktari mjini Kakamega walituonyesha picha ya mapafu na kusema vumbi hilo halikuingia kwa siku moja. Mwaka huu hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Ile sauti iliyosikika Lubao nzima ikawa ya kuinamia.

Tarehe 18 Mei aliniita, mimi Maurine, kifungua mimba wake, akaniambia nitoe mkebe chini ya kitanda. Alinieleza yote mliyoyasikia, kwa vipande vipande, kwa sababu pumzi haikutosha. Nilimkasirikia. Nasema hivyo mbele ya jeneza lake kwa sababu nilimwambia hivyo akiwa hai. Nilicheza na watoto wa Makhanu. Niliwaona wakipakia godoro lao kwenye trekta. Nilimwuliza kwa nini hakusema akiwa na nguvu za kusimama. Akasema, "Niliogopa, mama. Halafu nikazoea kuogopa." Aliniagiza iandikwe, na isomwe siku hii.

Baba mdogo Willis alikataa. Alisema, "Maurine, mambo ya kiwanda iachwe kiwandani. Mtu ako kwa jeneza, na wewe unamvua nguo mbele ya watu?" Anatupenda, na alikuwa anamlinda ndugu yake. Ni mama aliyemaliza neno hilo. Alisema, "Willis, isomwe. Mimi nimelala juu ya hiyo kufuli miaka ishirini na saba. Na mimi nilinyamaza kwa ajili ya hii nyumba."

Mzee Barnaba alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Hatukutaka Mama Pascalia asikie haya kwa mara ya kwanza katikati ya umati. Jumanne iliyopita mimi na Tevin tulikwenda kwake Lugari, tukamsomea karatasi hii, hadi hapo ilipokuwa imefika, shambani mwake, tukamkabidhi kufuli. Aliigeuza, akapitisha kidole juu ya lile jina lililokwaruzwa. Aliuliza jambo moja kwanza.

"Alikuwa ameifunga?"

"Ndiyo, Mama. Alikuwa ameifunga."

"Mimi nilijuanga," alisema. "Huyo mtu alikuwa anafunganga hata choo mara mbili." Alipomwuliza Tevin jina lake kamili na kuambiwa, aliingia ndani ya nyumba, na sisi tukangoja nje. Alipotoka alisema, "Nitakuja. Lakini sina neno kwenu mpaka nisikie ikisomwa mbele ya watu wa Kampuni."

Mama Pascalia, wapo hapa. Wengi wao walikaa katika ile mikutano. Basi na wasikie: Titus Makhanu, namba 1152, alizima swichi, akafunga kufuli yake, akafa kwa kosa lisilokuwa lake. Aliyeikata ni baba yetu.

Marehemu ameacha mjane, Ruth Musimbi. Watoto wanne: Maurine, Lydia, Josphat na Tevin Makhanu. Ndugu yake Willis. Na wajukuu saba.

Mtaona kwamba chini ya ukurasa huu, mahali ambapo huandikwa maneno ya kumtakia marehemu pumziko, tumeacha mstari mtupu. Mchapishaji alidhani tumesahau, akatupigia simu mara mbili. Hatukusahau. Baba alisema maneno hayo si yetu kumpa. Mama Pascalia umekaa mstari wa mbele, na kufuli umeishika. Ukiona yafaa, yaseme wewe. Usipoona, tutamzika hivyo hivyo.