Mkalimani Mpya wa Hospitali

Lori lilipotoka Laela, Bertilla, mke wa mkulima, aliketi juu ya gunia mbele yangu, akisokota pindo la nguo yake. Mama Zaitun wa dukani alimtuliza.

"Utalala kitandani, utafunikwa shuka. Daktari atauliza siku zako, atabonyeza tumbo, kisha atapima ndani. Usijikaze, mwanangu. Vuta pumzi."

"Hayo nitayaweza, mama. Lakini Mzungu hajui Kifipa, na mkalimani ni mwanamume! Nimwambie damu haijakoma tangu tuvune ulezi?"

"Basi sema Kiswahili mwenyewe."

"Changu ni cha kununulia chumvi tu."

"Utakufa na aibu yako, wewe! Yule mzee mkalimani ana adabu."

"Ameacha kazi. Nasikia wamemchukua kijana, mtunga mashairi."

"Mtunga mashairi!" Mama Zaitun aliguna. "Atakutungia wimbo huyo."

Bertilla alifunika uso. Mimi, niliyejisifu kwamba hakuna neno linalonishinda, niliisukuma barua yangu ya kazi ndani zaidi ya koti.

Lori likasimama Sumbawanga. Bertilla akanigeukia: "Kaka, hospitali iko upande gani?"

Nilimwonyesha kwa kidole.