Ahsante ya Basi na Ombi la Mlango wa Mbele: Risala ya Tawi la Uchochoroni kwa Mama Mfadhili

Mgeni rasmi, mama yetu na mfadhili mkuu wa klabu, Mwenyekiti wa klabu, Kocha uliyemwachia msaidizi wako mazoezi, viongozi wa tawi, wanachama mliopata viti, na nyinyi mliosimama nyuma kwa sababu viti vingine vimeazimwa na jirani mwenye harusi: tunawasalimu nyote. Kwako mama, wadogo wanasema shikamoo, na wa rika lako wanakuuliza habari za nyumbani.

KARIBU, MAMA

Sisi mashabiki wa Tawi la Uchochoroni tuna furaha ambayo hatukujiandaa nayo. Katibu wetu aliporudi kutoka kiwandani kwako akasema umekubali kuja, tulimwambia aache utani. Akaapa. Tukamwambia basi umekubali kumtuma mtu. Akaapa tena. Tangu siku hiyo uchochoro wetu umefagiwa mpaka paka wa hapa wanaonekana wageni, na fundi tairi ameondoa tairi zake kuukuu ukutani, tairi ambazo hajawahi kuziondoa hata mke wake alipomwomba. Kwa hilo peke yake, mama, ziara yako imeshaleta maendeleo.

Anayesoma risala hii ni kinyozi wa hapa. Tumemchagua kwa kuwa amezoea kuzungumza kuishinda mashine. Sauti ni yake, maneno ni yetu sote, tumeyabishania kwa jioni kadhaa. Likitokea neno la kukuudhi, tunaomba utugawie lawama sawasawa, usimbebeshe yeye.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, huenda umefika uwanjani mara nyingi, lakini kila mara gari lako huingilia geti kubwa. Tunaomba ruhusa tukuonyeshe kwetu. Chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo kina mlango wa mbele unaotokea kwenye uchochoro. Upande mmoja ni ukuta wa uwanja, upande mwingine ni sisi: kinyozi, fundi tairi, mama mshonaji, muuza chai, na nyumba chache zenye baraza nyembamba. Ukiufuata unafika barabara kuu. Wachezaji walipita humo kwenda nyumbani tangu enzi za babu zetu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine wala usafiri mwingine zaidi ya miguu.

Basi hapo ndipo tawi hili lilipozaliwa. Mechi ikiisha, tuwe tumeshinda au tumechapwa, tulijipanga kwenye kuta zote mbili, wachezaji wakapita katikati, kila mmoja akapewa mkono na kila mtu. Sheria ilikuwa moja. Marufuku kuzungumzia mpira mpaka mchezaji afike barabarani. Unampa mkono, unamwambia pole au hongera, kisha unamuuliza mtoto anaendeleaje, au yule shangazi aliyekuwa anaumwa mgongo. Mzee mmoja wa hapa, ambaye yuko ndani na anajijua, aliwahi kumshika mshambuliaji wetu mkono akaanza kumfundisha namna ya kupiga penalti. Msimu mzima uliobaki tulimsimamisha mwisho wa mstari, karibu na mtaro. Alikubali adhabu, ila mpaka leo anasema ushauri ulikuwa mzuri.

TULIYOJALIWA KWA MKONO WAKO

Mama, sisi si watu wa kusahau. Kabla yako, wachezaji wetu walivaa jezi ambazo namba zilikuwa zinabanduka mvua ikinyesha, mpaka refa mmoja akamwonyesha kadi mtu asiyehusika. Leo wana jezi za kiangazi na za masika. Kabla yako, kambini walilala kwenye mikeka. Ukawaletea magodoro kutoka kiwandani kwako mwenyewe, mazito, ya kulala mtu akaamka hana malalamiko. Wapo watani wanaosema vijana wameyapenda mno hadi wanasinzia langoni mwa wapinzani. Hayo ni ya watani, sisi hatumo.

Kisha ukaleta basi. Siku lilipofika, watu wazima walilishika ubavuni kama wanaopima joto la mtoto. Beki wetu wa kulia, ambaye alikuwa akirudi kwao kwa kudandia lori la mchanga, alikaa kiti cha dirishani akakataa kushuka. Tulimuona analia na hatukumtania. Kwa basi lile tunakushukuru leo, na wanetu watakushukuru. Tunaomba ulikumbuke hili tutakapofika sehemu inayofuata, kwa sababu mtu akisikia nusu ya maneno yetu anaweza kudhani hatuna shukrani.

LINALOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, wiki iliyopita ulihojiwa redioni. Muuza chai aliongeza sauti na sote tukasikia. Ulisema, "Nimewapa kila kitu. Sasa mashabiki wako wapi? Mbona majukwaa matupu?" Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu aliyealika watu chakula na hakuna aliyetokea, na tuliona aibu. Risala hii ni jibu la swali lako.

Watu wengi watakuambia ni kwa sababu tunafungwa. Ni kweli tunafungwa, tena na timu ambazo zamani tuliziazima mpira wa mazoezi. Lakini kufungwa tumekuzoea. Tuliwahi kushuka daraja, na siku hiyo uchochoro ulijaa mpaka muuza chai akahamishia jiko lake juu ya baraza. Tulishikana mikono, tukaulizana za nyumbani, na mechi iliyofuata tukarudi wote.

Kilichobadilika ni kitu kidogo. Basi ni pana kuliko uchochoro wetu, kwa hiyo linaegeshwa geti la nyuma. Wachezaji wakimaliza kuoga wanatokea nyuma, wanapanda, wanapelekwa kambini. Mlango wa mbele ukafungwa kwa kuwa hauna kazi tena. Hakuna aliyekosea, mama. Ukipewa basi unapanda basi. Sisi wenyewe tungekuwa wachezaji tungepanda, na tungegombea dirishani kama beki wa kulia.

Lakini tumegundua jambo ambalo hatukulijua wakati tunalo. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye ukitoka tu jukwaani utamshika mkono na kumuuliza habari za mwanawe. Uchochoro ulipokosa watu, ndimi zikalegea. Watu wakaanza kupiga kelele ambazo tunaona haya kuzirudia mbele yako. Wale wasiopenda matusi wakabaki majumbani. Wale wapenda matusi nao, walipoona hakuna wa kuwasikiliza, wakaenda kutazama mpira wa televisheni, ambako unaweza kutukana na mchezaji asikusikie kabisa. Ndivyo majukwaa yalivyobaki matupu.

Tulijaribu kujitibu. Siku moja baada ya kipigo kibaya tulikubaliana kwenda kuwapokea wachezaji hukohuko geti la nyuma. Tukajipanga pande zote mbili za basi. Unajua vioo vyake ni vyeusi, mtu wa nje haoni ndani. Tukapiga makofi, tukaimba, kila mmoja akapita akigusa kioo na kusema pole. Mama mmoja alitoa hotuba fupi ya kuwatia moyo vijana, nzuri sana, tukatokwa na machozi. Ndipo dereva aliposhusha kioo chake, akatuambia kwa adabu, "Jamani ahsanteni, nimefarijika. Ila wachezaji wameshapelekwa kambini na gari dogo. Mimi nalipeleka basi kuoshwa." Tulikuwa tumeliliwaza basi tupu na gunia la mipira. Tulicheka njia nzima, na baada ya kucheka hakuna aliyependekeza turudi.

KUHUSU SUMAKU

Haya yote tungeweza kuyavumilia. Limetokea lisilovumilika, na ndilo lililotufanya tukuite.

Kipa wetu unamjua kwa jina la Sumaku, jina alilopewa hapa kwa jinsi mpira ulivyokuwa unamnata mikononi. Ni mtoto wa uchochoro huu. Mama yake ni yule mshonaji, mlango wa tatu. Msimu huu mambo yamemwendea kombo. Amefungwa magoli ya mbali, ya karibu, na moja alilojifunga mwenyewe akijaribu kumpa beki mpira. Watani wanasema sumaku imegeuzwa. Zamani angetoka mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, na kabla hajafika kwa fundi tairi angekuwa ameshainua. Tumeliona hilo mara nyingi.

Siku chache zilizopita alimpigia mama yake simu kutoka kambini. Mama alikuwa kwenye cherehani, sisi tulikuwa barazani kwake, na simu yake ni ile ambayo bila kuweka sauti kubwa haisikiki. Kwa hiyo tulisikia, na mama ametupa ruhusa ya kuyasema.

"Mama, mechi ya Jumamosi ni ya mwisho. Nimeshamwambia Kocha."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Watu wamenichukia."

"Nani kakuambia? Mimi nakaa nao hapa kutwa. Hakuna anayekuchukia."

"Kama hawanichukii, mbona hawaji?"

Mama mshonaji alitutazama. Tulikuwa watu wazima wengi pale barazani. Mwisho akamwambia, "Haya baba, kula vizuri," akakata simu. Akaendelea kushona, akashona mfuko wa suruali ukafungana wote, akafumua, akaanza upya.

Mama mgeni rasmi, ule muda tuliumia kuliko siku tuliyoshuka daraja. Kijana anajiuliza tuko wapi, na wewe unajiuliza tuko wapi, na sisi tuko hapahapa. Tuko nyuma ya mlango.

OMBI LETU

Kamati iliandaa maombi mengi. Paa la jukwaa linavuja. Choo cha wanawake hakina komeo. Ngoma kubwa imepasuka, na anayeipiga anasema si yeye. Tumeyaondoa yote leo ili hili moja lisipotelee katikati ya mengine.

Tunaomba mlango wa mbele ufunguliwe kila baada ya mechi na mazoezi. Basi libaki, mama, tena tunaliombea maisha marefu. Lisubiri tu barabara kuu, mwisho wa uchochoro. Wachezaji watembee ule mwendo mfupi kwa miguu, kisha wapande waende zao. Dereva tumeshaongea naye. Alikwenda mwenyewe kupaangalia, akasema mahali pa kuegesha papo, na kwamba yeye amechoka kupokea pole peke yake.

Hatukuombi umwambie Sumaku asiache mpira. Ni mtu mzima, na glavu ni zake. Akitaka kuacha aache, tutamnunulia chai na kumtania kama tunavyomtania kila mtu. Tunachoomba ni kwamba asiache akiwa anaamini tunamchukia. Kwa mchezaji mwenyewe hilo ni jambo kubwa, na kwa mama yake hatuna neno la kulielezea.

Wala hatuahidi ushindi. Hatujui kama mtu akipewa mkono anadaka vizuri zaidi. Tunaahidi kuja.

MWISHO

Mgeni rasmi, mazoezi yanamalizika wakati huu tunapomaliza kusoma. Wachezaji wanaingia kuoga. Katika ukumbi huu umewaona viongozi na wanachama wachache, na labda umesema moyoni kwamba hata leo hawakuja. Wenzetu wako nje, mama. Wamejipanga kwenye kuta zote mbili, kuanzia mlangoni mpaka barabara kuu. Kinyozi huyu anayekusomea ameacha mteja amenyolewa upande mmoja, naye mteja amekuja kupanga mstari hivyohivyo. Wamo waliokuwa hawajakanyaga uwanjani msimu mzima. Mama mshonaji yuko wa mwisho, karibu na barabara, kwa hiari yake, kwa sababu anataka mwanawe awe ameshapita kwa watu wote ndipo amfikie.

Mtunza stoo wa klabu amekaa safu ya pili, yule mwenye shati la mistari. Ufunguo wa mlango wa mbele uko mfukoni mwake. Ni mtu wa kufuata taratibu, tumembembeleza toka asubuhi na amekataa. Anasema hafungui bila neno la mfadhili. Hahitaji hotuba, mama. Ukimtazama tu ukaitikia kwa kichwa, atainuka.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akibariki kiwanda chako na wote wanaokitegemea, awalinde watoto wako popote walipo, na kila utakapofika upate watu wa kukupa mkono.

Ni sisi wako, tulio ndani na tulio nje,
Mashabiki wa Tawi la Uchochoroni.