Beti Mia Tatu Tisini na Saba za Bi. Priscilla

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Priscilla Mkawasi atarudisha funguo za Kituo chetu cha Sanaa na Vijana, Kaloleni mjini Voi, baada ya kuzibeba kwa miaka ishirini na minane na miezi minane. Barua yake ya kustaafu ilipobandikwa ubaoni mwezi Agosti tuliisoma mara tatu. Wengine walishikilia kwamba mwaka wa kuzaliwa umekosewa. Haukukosewa. Mama ametimiza miaka sitini, na sisi ndio tuliosahau kuhesabu.

Mimi Munir, meneja wa kituo, nilipewa kazi ya kuandika wasifu huu, nikaanza na faili lake. Huko ndiko nilikopigwa na butwaa kwa mara ya kwanza. Tangu Februari 1997 hadi leo, cheo cha Bi. Priscilla ni karani wa ukumbi. Kazi zake, kama zilivyopigwa chapa, ni kupokea maombi ya harusi na mikutano, kutunza funguo na kuhesabu viti. Hakuna mahali palipotajwa ushairi. Hakuna mahali palipotajwa vijana. Wageni wote waliofika hapa tumewajulisha kwake kama Mkurugenzi wa Sanaa, naye akawapa mkono na kutabasamu tu. Zile Jumamosi zote alizowafundisha vijana wa Voi kutunga na kughani, hakuna aliyemtuma.

Alianza na wasichana wanne waliokuja kusaidia kupanga viti vya harusi. Alipowasikia wakiimbiana mafumbo aliwaambia warudi wiki iliyofuata, kila mmoja na maharagwe manane. Wote tuliopita mikononi mwake tunayajua maharagwe hayo. Unasema mstari wako polepole, kila silabi unasogeza haragwe moja kwenye benchi. Maharagwe yakiisha kabla ya maneno, unakata maneno. Ukitaka kuanza kwa Kidawida au Kikamba unaanza, mradi maharagwe yakubali. Saa saba mchana maharagwe ya darasa zima yanaingia sufuriani pamoja na mahindi, tunakula pure. Nakiri kwamba wengi wetu tulivutwa na pure kwanza, ushairi ukafuata baadaye.

Chini yake vijana wetu wameigiza na kughani kuanzia Wundanyi hadi Taveta. Mwaka 2011, kwenye onyesho la wazi karibu na Sagalla, ndovu wawili walitokea nyuma ya jukwaa wakaenda moja kwa moja kwenye tangi la maji. Watazamaji walitimua mbio, mwenyekiti wa sherehe mbele yao. Bi. Priscilla aliwafungia vijana katika darasa la shule iliyokuwa jirani, na askari wa wanyamapori walipofika, saa tatu baadaye, walikuta kila kijana ametunga beti mbili kuhusu kiu.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kusamehewa: hatoki mtu kikundini bila kuacha ubeti. Siku yako ya kuaga alikuita peke yako ofisini, akafungua daftari kubwa la jalada gumu, akakusomea mstari mmoja tu, na kukuambia uanzie hapo. Ulitunga ubeti wa mistari minne, ukauandika kwa mkono wako, ukautamka mpaka ukautoa kichwani bila kuangalia. Kisha alifunga daftari, akakupa mkono. Kila mmoja wetu aliondoka akidhani ile ilikuwa kwaheri yake binafsi.

Sasa nije kwenye aibu yangu, kwa sababu mwenyewe ameniagiza nisiifiche.

Wiki tatu zilizopita tulihitaji nafasi ya viti vya sherehe hii. Niliagiza stoo isafishwe na makaratasi yote ya zamani yatolewe. Sikuangalia ni makaratasi gani, wala sikujua kwamba Bi. Priscilla hutunza madaftari yake humo. Siku mbili baadaye nilinunua njugu kwa Wambua, anayeuza hapo langoni petu, nikakunjua karatasi, nikaona mwandiko ninaoufahamu. Ulikuwa wangu, wa mwaka 2004, nilipokuwa na miaka kumi na minane:

*Naondoka ninalia,*
*hapa nilipokulia,*
*wenzangu nawaambia,*
*naelekea mjini.*

Njugu zilimwagika zote. Niligeuza karatasi, na nyuma yake palikuwa na mwandiko wa Jedidah wa Wusi, aliyeaga mwezi mmoja baada yangu:

*Mjini ulikokwenda,*
*sisi tuliokupenda,*
*shamba la Wusi twalinda,*
*tumebaki milimani.*

Nilisimama pale langoni nikasahau nilikokuwa naenda. Jedidah alinijibu, na sikujua kwa miaka ishirini na moja. Ndipo nilipofahamu. Mstari ule mmoja tuliosomewa ulikuwa mstari wa mwisho wa aliyetangulia. Beti zote zile, za watoto wasiojuana, zilikuwa zimeshikana mikono. Bi. Priscilla, karani wa ukumbi, alikuwa akisimamia utenzi mmoja wenye beti mia tatu tisini na saba, kila ubeti ukiishia na kina kilekile tangu 1997, na watungaji wenyewe hawakuwa na habari.

Nami nilikuwa nimeugawa ufungiwe njugu.

Nilimwuliza Wambua alikozitoa karatasi zile. Alinitazama kana kwamba nimeugua ghafla. "Si ni nyinyi mlinipea, bosi? Na ni nzuri, hazipasuki." Madaftari mawili alikuwa hajayagusa. La tatu lilikuwa limepungukiwa karatasi kumi na nane, na ile ya mkononi mwangu ilikuwa ya kumi na tisa. Beti thelathini na sita zilikuwa zimekwenda na njugu mjini kote.

Jioni hiyo nilituma ujumbe kwenye kundi la simu la waliopita hapa. Sikutarajia kitu. Nani anakumbuka mistari minne ya ujana wake? Kabla ya saa ya isha zilikuwa zimeingia beti kumi na moja. Mbinya aliutuma wake kutoka Doha akiwa kwenye zamu ya kazi. Mwingine aliughani kwa sauti huku kuku wakimpigia kelele nyuma. Kila mtu alikuwa nao kichwani, neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutoka mle ofisini kabla ya kuushika. Sylus wa Chala, kijana wetu mcheshi aliyefariki mwaka 2017, hakuweza kutuma wake. Mama yake alipiga simu. Alisema mwanawe aliurudiarudia shambani mpaka na yeye akaushika, kisha akautamka wote, na hakuna haragwe lililozidi. Nililia, na sioni haya kulisema.

Zimerudi beti thelathini na tano. Umebaki mmoja, wa msichana aliyeitwa Rita, aliyekaa nasi miezi michache mwaka 2009 na kurudi Taveta. Rita, popote ulipo, nafasi yako iko wazi.

Nilipoyapeleka madaftari kwa Bi. Priscilla na kuungama, hakufoka. Ningefurahi kama angefoka. Alizihesabu karatasi kwa kidole, kisha akafungua palipokuwa na ubeti wangu. "Munir, wewe uliaga ukilia kwamba unaelekea mjini," alisema. "Mji gani? Ulihama benchi ukaja ofisi ya pili. Humu ndani ubeti wa uongo ni wako peke yake." Halafu akausukuma mfuko wa maharagwe kutoka upande wake wa meza hadi wangu. Jumamosi ijayo darasa litafunguliwa saa tatu asubuhi kama kawaida, na atakayelifungua ni mimi. Mniombee.

Limebaki jambo moja. Ubeti wa mwisho daftarini uliandikwa na Derrick, aliyeaga mwezi Julai kwenda chuo, kabla yeyote kati yetu hajajua habari za kustaafu:

*Leo mimi naondoka,*
*kesho mwingine atoka,*
*mama naye akichoka,*
*nani atabaki ndani?*

Chini yake ukurasa ni mweupe. Nimepekua madaftari yote matatu tangu mwanzo, na hakuna hata mstari mmoja wa Bi. Priscilla. Amewapa watu mia tatu tisini na saba mahali pa kuanzia, na yeye hajajipa. Nilipomwambia zamu imefika alijitetea kwamba yeye si kijana wa kikundi. Tumekataa. Sheria ni yake na haikutaja umri.

Kwa hiyo, Mama, asante kwa Jumamosi ambazo hukutumwa, na kwa watoto wa watu uliowafanya wasikilizane bila wao kujua. Tunakuombea afya huko kwenu Wusi unakorudi, mvua ya kutosha kwenye shamba lako, na miaka mingi ya raha. Lakini Ijumaa hutapita langoni hivihivi. Daftari liko wazi, kalamu iko juu yake, na mstari wa kuanzia unaujua. Maharagwe manane tumekupangia kwenye benchi.