Baiskeli ya Kijani ya Mzee Kitambaa

Ndugu waombolezaji, jamaa na majirani mliofika, mimi ni dada yake marehemu, kitinda mimba kwa mama yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kitambaa, kwa hiyo mnivumilie sauti ikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo kiwandani kuanzia 1959 hadi 1965, na masomo hayakumkaa kichwani, jambo alilolitangaza mwenyewe bila aibu.

Januari 1967 alianza kujifunza ufundi wa baiskeli kwa mjomba wetu, na mwaka 1975 alifungua kibanda chake kando ya soko, kitambaa begani tangu siku hiyo. Ukimpelekea baiskeli yenye mchubuko, kabla hujaeleza shida yako alikwisha kukusema, kwamba chuma hakioshwi kikaachwa kijikaushe, kwamba mchubuko hupigwa msasa ukapakwa rangi siku hiyo hiyo, na kwamba fremu huoza kwa ndani, maji yakipenya pale paipu ya siti inapoingilia, huku wewe unasifia rangi ya nje. Wateja walisema ana mdomo, lakini walirudi.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati, akamuundia baiskeli ya kike ya chuma, rangi ya kijani, ya kwendea kazini, na wakajaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1984. Wifi yangu alifariki Novemba 2003, binti akaenda kufanya kazi nchi ya mbali mwaka 2007, na kaka yangu akabaki na baiskeli.

Simtanii. Aliitundika sebuleni, mbele ya kiti chake, akala chakula chake peke yake akiitazama, na kila binti alipopiga simu kusema anakuja, aliishusha, akachomoa siti, akamimina mafuta ndani ya fremu, akaigeuza huku na huku hadi yafike kila pembe, akafuta, akajaza upepo, kisha binti akakosa ruhusa, naye akaitundika tena. Nilipomshauri aiuze alininunia wiki nzima, akaniambia mwenye kuipanda yupo. Alikuwa mpweke kaka yangu, tusifichane.

Mwezi Machi 2023 alianza kuumwa mapafu, akalazwa tarehe 5 Aprili, na majirani, kwa mapenzi yao, wakaifunga baiskeli kwa nailoni, wakakaza kamba isiingie vumbi, wakaenda wodini kumpa habari hiyo afurahi. Maskini, aligeukia ukutani. Ndani ya nailoni chuma hutoa jasho, na jasho ndilo kutu, akawasihi waifungue, wao wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakidhani ni homa inayosema, na tarehe 19 Mei alituaga akiamini kwamba baiskeli ya mkewe inaoza na binti hataikuta.

Binti amefika juzi. Jana alikata nailoni akakuta usukani na rimu zimeshika kutu, akanitazama, kisha akachomoa siti kama alivyomwona baba yake akifanya alipokuwa mtoto, akaipindua fremu, na mafuta yakachuruzika sakafuni, safi, bila hata chembe ya kutu. Alikaa chini akalia, nikamwacha alie. Leo asubuhi ameifuta, akajitupia kitambaa cha baba yake begani, na ameipanda kutoka nyumbani hadi hapa, ile pale mnayoiona imeegemezwa getini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga vibanda vyao leo, na majirani zetu, pamoja na nailoni yenu, maana nia ilikuwa njema.

Kaka yangu, pumzika sasa, kwa ndani fremu ni nzima, na mwenye kuipanda amekuja.