Tisa Waliobaki Bandani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu. Wengi mnanijua kama mama wa nguruwe wa hapa Kalenga. Leo nimesimama kueleza jinsi Bwana alivyoniokoa mimi pamoja na nguruwe wangu. Mkitaka kucheka, chekeni, hata mimi nacheka.

Mara mbili mfululizo nguruwe wangu jike alizaa vizuri, lakini watoto wakishaachishwa kunyonya tu, wanaanza kuhara. Siku ya nne nazika. Dawa za dukani nilizichanganya kwa kukisia, hazikusaidia. Mume wangu akasema huyu jike tumchinje. Nikaacha hata kwaya, maana kila mtu aliniuliza, "Nguruwe hawajambo?"

Ndugu zangu, msaada ulikuwepo, ila kwa mtu niliyemdharau. Wifi yangu Sikujua, aliyeolewa Idodi, huwachanganyia nguruwe wake majani ya mlonge na kitunguu saumu kwenye pumba. Kwenye harusi ya ukoo nilimkejeli nikimwita "mganga wa nguruwe." Watu wakacheka, yeye akainamia sahani yake. Hatukuongea tena.

Mara ya tatu walizaliwa kumi na mmoja. Wawili walipokufa, nilipiga magoti bandani, kwenye matope yale yale. Niliomba dawa, moyoni likaja jina la Sikujua. Nilibishana na Mungu asubuhi nzima, kisha nikapiga simu.

"Wifi, nilikukosea. Nisamehe. Watoto wa nguruwe wanakwisha."

Akauliza, "Banda ni kavu?"

"Hapana."

"Basi anza na hilo. Nakuja kesho."

Alikuja na mfuko wa majani ya mlonge aliyoyakausha kivulini. Tukatoa matope, tukatandika nyasi kavu, tukatwanga kitunguu saumu na kuchanganya kidogo kidogo kwenye chakula. Bwana mifugo naye akaja, akawatibu waliozidiwa, akasema tusiache usafi. Baada ya wiki mbili wote tisa walikuwa wanasukumana kwenye chakula. Mchungaji alipopita kutuombea, alinusa akauliza kama tunapika pilau.

Namshukuru Mungu, na wifi yangu ndiye yule pale mbele, mwenye kitenge cha njano. Ndugu yangu, kama ukiomba linakuja jina la mtu unayemkwepa, usibishane na Bwana kama mimi. Mwamini, umpigie leo.