Doa la Pembeni Katika Picha za Kadizi

Ukitoka msikitini hapa Sur, Omani, ukaufuata ukuta wa skuli, utaliona baraza la saruji limejibana na nyumba ya Bi Ghaniya, nalo halikai tupu baada ya alasiri hata siku ya tufani. Wakaaji wake ni wanawake watatu wa umri mmoja, chupa ya kahawa katikati yao, sahani ya tende, na habari za watu wote waliopita na wasiopita. Bi Tahira wanamwita Wakili, kwa sababu hajapata kushindwa kwa maneno tangu aje na meli kutoka Unguja. Bi Dalal, ambaye wazee wake walitokea Tabora, ni Daktari: aliandika kadi za wagonjwa hospitalini miaka ishirini, na tangu hapo hapana maradhi asiyoyajua. Mwenye nyumba mwenyewe wajukuu walimpa jina la Bi Kidole, maana hajapata kupiga picha ya simu bila ya kidole chake kuingia mbele. Hata picha ya kuagana uwanja wa ndege, siku mjukuu wake Wijdan anakwenda Kadizi, Hispania, kusomea mambo ya bahari, ilitoka nusu Wijdan, nusu kidole.

Siku hiyo Bi Ghaniya alikuwa na jambo. Mwanawe Hamdun, baba yake Wijdan, angepita magharibi kuchukua jawabu. Alishamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyemlea. Ukisema arudi, anarudi wiki hii." Na yote hayo kwa simu moja ya Idi. Wijdan alisema kuwa amekula wali, kuwa wali ulikuwa mzuri, halafu akanyamaza. Kunyamaza kule kulimkosesha bibi yake usingizi siku nne.

— Hebu itoe hiyo simu, alisema Wakili. Mtu harudishwi kwao bila ya ushahidi.

Bi Ghaniya akaitoa, akaifuta kwa ncha ya kanga. Daktari alikuwa ameshammiminia kahawa, na Bi Ghaniya ameshakitikisa kikombe, ule mtikiso wa kusema basi nimetosheka, na ndiyo kwanza kikombe cha mwanzo. Wenzake waliona, wakajitia hawakuona.

Picha ya kwanza, Wijdan amesimama kichochoroni, amekumbatia mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Juu yake zimejaa roshani, na nguo zimeanikwa.

— Tazama, akasema Wakili. Saa nane mchana, na hapana hata paka! Mlango huu umefungwa, huu umefungwa. Mji mzima umemfungia mtoto wetu.

— Wanalala mchana, alisema Bi Ghaniya. Mwenyewe aliniambia. Mpaka saa kumi na moja.

— Mji mzima? Daktari akadakia. Hao si wazima. Huo ni upungufu wa damu. Nimeziandika kadi zake mpaka mkono ukavimba.

— Wewe uliandika majina, Dalal. Maradhi waliandika wengine.

— Jina ndilo linalokuja mwanzo.

Picha ya pili ilikuwa ya sokoni. Wijdan amemshika jodari mdogo, mkono mmoja kichwani, mmoja mkiani, anacheka mpaka gego linaonekana.

— Amekonda, alisema Daktari. Ni ule upepo. Si alikwambia, Ghaniya, kuna upepo wa mashariki huko, ukivuma siku tatu watu wanagombana na viti? Mji wenyewe bahari kulia, bahari kushoto. Unaingia sikio hili, unatokea hili, na ukitoka hautoki mikono mitupu. Na hili doa jekundu hapa pembeni, mnaliona? Kwenye machungwa lipo. Hapa lipo.

— Jua hilo, alisema Wakili.

— Jua likae pembe ile ile kila siku? Hicho ni kitu kinamfuata. Shetani wa pwani, tena wa kike.

— Audhu billahi! Wakili akasogea mbali na simu, halafu akarudi, asije akapitwa.

Bi Ghaniya alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Alikuwa amekumbuka alivyoletwa Sur kutoka Unguja, bi harusi wa miaka ishirini na nne, Kiarabu hakijui, akala mwezi mzima huku akiutazama ukuta, mpaka jirani alipobisha hodi na kikombe cha kahawa mkononi. Barua alizompelekea mama yake mwezi ule zilikuwa nzuri zote. Zote zilisema chakula kitamu.

Picha ya tatu ilikuwa ya pwani. Wazee wa kike wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya miavuli, kila mmoja na kadi ya nambari mapajani. Kiti kimoja kitupu, kimeachiwa kibeti. Wijdan yumo kati yao, kadi mkono huu, biskuti mkono huu.

— Kamari! Wakili akapiga paja.

— Si kamari, alisema Bi Ghaniya. Mtu anataja nambari, na mwenye kuzitimiza anapiga kelele.

— Halafu anapata nini?

— Hapati kitu. Anapiga kelele tu.

— Basi hiyo mbaya zaidi! Anayecheza apate kitu, siku moja atachoka.

— Ngojeni, alisema Daktari, pua imegusa kioo. Huyu wa kiti cha buluu. Si Bi Sheikha wenu wa Vuga, kule Unguja, huyu?

— Bi Sheikha amekufa miaka arubaini sasa, alisema Wakili, na wewe hujapata kumwona. Umeoneshwa picha yake na mie.

— Ndiyo hiyo hiyo. Mguu mmoja nje ya kiatu, shingo ile ile. Nnakwambieni, mwaka ule mliohama iko meli ilipotea njia. Nyie mkashukia huku, wenzenu wakasukumwa mpaka Kadizi. Hawa wa kwenu! Kiswahili tu wamesahau.

— Na mabuibui yao?

— Yamechukuliwa na upepo.

Wakacheka mpaka Wakili akafuta macho. Bi Ghaniya hakucheka.

— Niacheni na mzaha. Hamdun yuko njiani. Nnataka kujua kitu kimoja tu: huyu mtoto ana mtu huko, au hana?

Hapo ndipo alipotokea Arwa, mkwe wa Wakili, bi harusi wa miezi mitatu kutoka Ibra, sahani ya visheti mkononi. Kiswahili alikuwa akijifunza kwa kusikiliza nyuma ya ukuta.

— Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, utazame.

Akatazama. Akazipeleka picha mbele, akazirudisha nyuma.

— Bibi, naweza uliza? Picha hii nani amepiga? Mikono yake yote mbili iko hapa.

Wakili akaivuta simu kwake.

— Ameiegemeza simu jiweni, alisema, kwa sauti ya aliyeshindwa kesi.

— Kila siku jiwe?

Bi Ghaniya akaichukua simu. Akatanua picha ya jodari kwa vidole viwili, kama Wijdan alivyomfundisha, lakini hakutanua uso wa mjukuu wake, alitanua doa. Likakua, likakua. Pembeni mwake pakatokea kucha fupi isiyo na rangi, na chini ya kucha ngozi iliyojikunja kama tende kavu. Akaweka kidole chake kando ya kioo.

— Shetani wako, Dalal, ana kucha.

Vichwa vinne vikagongana juu ya simu. Wakarudi kwenye picha ya pwani, kwenye kile kiti kitupu na kibeti chake.

— Anaitwa nani, bibi? aliuliza Arwa.

Wakili alifungua kinywa, akatia kisheti.

Bi Ghaniya akanyoosha kikombe bila ya kukitikisa. Daktari akainamisha chupa. Ikakoroma, ikatoa matone mawili, na Bi Ghaniya akayanywa hayo hayo. Gari ya Hamdun ikasimama kwenye ukuta wa skuli.

— Mama, umeamuaje? Arudi lini?

— Akimaliza kusoma. Mwandikie leo, mwambie amsalimie sana yule bibi anayempiga picha.

— Bibi gani, Mama?

— Hatumjui. Na mwambie asimfundishe kukiondoa kidole.