Wasifu wa Rogathe Lameck, Aliyesimama Mbele ya Lori Masakta

Marehemu Rogathe Lameck Sulle alizaliwa Tumati tarehe 14 Machi 1982, mvua ikinyesha, mtoto wa kwanza wa Mzee Lameck Sulle na mimi Kornelia. Nimeandika mwenyewe. Mkiona neno limekosewa, liacheni hivyo hivyo.

Alianza shule ya msingi Tumati mwaka 1990, akasoma sekondari Mbulu mjini, kisha kemia chuo kikuu Dar es Salaam, akamaliza 2007. Alikuwa mbishi. Walimu walisema amemrithi baba yake. Siyo kweli, baba yake alikuwa mpole.

Mwaka 2009 alifunga ndoa na Patriki Bonaventura wa hapa Endagikot. Mungu aliwajalia Brightness na Abel.

Alifanya kazi maabara, Arusha. Tangu 2019 yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza kifaa cha kupuliza, kimtambue dereva aliyevuta bangi akiwa bado barabarani. Kile cha trafiki kinajua pombe tu. Alinieleza kwamba mkojo unaweza kuonyesha bangi ya wiki iliyopita, na mtu leo ni mzima kabisa, ila pumzi inasema ya saa hizi.

Krismasi ya 2022 alikuja nacho nyumbani. Nilikuwa nimetoka kupika kwa kuni, akasema, "Mama, puliza." Nikapuliza. Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, umevuta!"

"Nimevuta nini? Mimi, mama wa kwaya? Mwambie huyo mtoto wako wa chuma aniombe msamaha!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Kumbe moshi wa kuni ulikuwa umekidanganya. Tangu hapo alizunguka majiko ya Tumati na maboma ya Hanang, akipulizisha kina mama na wazee wa ugoro. Alisema kifaa hakitatoka mpaka kiache kusingizia watu.

Kwenye wasifu huwa panaandikwa ugonjwa. Rogathe hakuugua. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, alinipigia: "Shikamoo mama. Leo tupo Masakta na trafiki, tunafanya majaribio." Mtandao ukakata kabla sijaitikia. Mchana nikaambiwa amekufa. Mpaka naandika hapa, sijaelewa.

Gidion, mwenzake wa maabara, alikuwepo. Anasema dereva wa lori la mahindi alipuliza kile cha pombe, sifuri. Akapuliza cha Rogathe kwa hiari, nyekundu. Trafiki akasema, "Dada, hicho bado cha majaribio, sheria haikitambui. Mimi namwachia." Rogathe akajibu kwamba hata yeye hawezi kukiapia, lakini macho ya yule kijana ameyaona. Akamfuata: "Mwanangu, shuka tunywe chai kwanza. Mahindi hayaozi leo." Kijana akapanda, akawasha. Rogathe akasimama mbele, mkono juu.

Huku kwetu mama akiingia katikati ya wanaume wanaopigana, fimbo zinashushwa. Nimefanya hivyo mimi, yeye akiwa mgongoni kwangu. Ndivyo alivyojua. Lori halikujua.

Dereva yuko mahabusu. Jana baadhi yenu wa ukoo mlinijia, mkitaka niseme mbele ya polisi kwamba kifaa cha mwanangu kilimkamata amevuta. Nimekataa, na leo nakataa tena. Waliomwona akimgonga waende wakaseme walichokiona. Kifaa kile kilinisingizia hata mimi, na Rogathe alisema hakijaiva. Simfungi mtoto wa mtu kwa kitu ambacho mwanangu mwenyewe hakukiapia.

Ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake Justina, na mimi mama yake. Kifaa nacho amekiacha, Gidion amekuja nacho, kiko kwenye gari. Kina mama mliopika kwenye msiba huu, moshi tunao wa kutosha. Tukitoka kaburini, kabla ya kunawa, tukipulize wote, mimi wa kwanza. Kikitusingizia, kirudi maabara, wenzake wakiendeleze mpaka kiseme kweli.

Bwana ampe usingizi wa amani. Na ile salamu yake ya Jumanne, naiitikia hapa mbele yenu: marahaba, mwanangu.